Barua ya wazi kwa mawaziri wa Jumuiya: Kampuni haina miguu

Kwa Waheshimiwa Mawaziri, Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Afrika Mashariki;
Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya kazi na uhamiaji, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na Jamhuri ya Kenya;
Nakala: Katibu Mkuu wa Jumuiya, Arusha.

YAH: KIBALI CHA MFANYAKAZI ANAYETUMWA KUFUNGUA TAWI NCHI JIRANI

Waheshimiwa,

Salamu nyingi. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa mwaka 2021 wakuu wa nchi zetu waliridhia kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya, na kwa kuwa habari nitakayoieleza huzungumzwa kwa lugha hii hii kwenye foleni za vibali, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, ingawa fomu zenyewe mara nyingi huandikwa kwa lugha nyingine.

Mimi ni Mtanzania wa Arusha. Nilisomea uhasibu, lakini kazi iliyonizeesha ni ya kufungua matawi. Nimeifanya mara mbili, kila mara nikiwa upande tofauti wa mpaka. Mara ya kwanza nilikuwa mwenyeji. Kampuni kutoka Kenya, wauzaji wa pampu za jua na mipira ya umwagiliaji wa matone, ilikuja kufungua tawi Arusha, nami nikawa mtu wa kwanza kuajiriwa hapo. Mara ya pili nilikuwa mgeni. Kampuni ya Kitanzania niliyohamia baadaye ilinituma Nakuru nikaifungulie tawi. Kwa hiyo msinihesabu kuwa ni mlalamishi wa nchi moja dhidi ya nyingine. Nimesota kote kote.

Nianze na aliyekuja kwetu. Alikuwa meneja wa mauzo, mtu wa makamo, mpole, mwenye kubeba karatasi zake kwenye mkoba wa ngozi uliochakaa kwenye kona. Vijana wa ghalani walimbandika jina la Bwana Mihuri, na ilipofika mwezi wa nne hata mkewe alipopiga simu kutoka Thika aliuliza, “Bwana Mihuri yuko?” Jina lilimfaa. Pasipoti yake ilikuwa mpya alipofika. Alipoondoka, ukurasa uliobaki wazi ulikuwa wa kutafuta.

Shida yake ilikuwa ya duara. Benki tuliyoiendea haikutaka kufungua akaunti ya tawi mpaka mtia saini awe na hati ya ukaazi. Hati ya ukaazi ilitaka kwanza kibali cha kazi. Kwa kibali cha kazi tuliambiwa tulete leseni ya biashara na mkataba wa pango. Mwenye ghala alikuwa tayari kutupangisha, ila alitaka kodi ya miezi sita, tena ilipwe kutoka akaunti ya kampuni, maana aliwahi kuumwa na nyoka. Na akaunti, tumeshasema, ilikuwa inasubiri hati ya ukaazi. Ukiuliza dirisha lolote kati ya hayo, kila moja lina hoja yake na hoja hiyo ina mantiki. Hakuna aliyetuonea. Hakuna aliyetuomba chochote cha chini ya meza pia, nalisema hilo kwa haki. Ila hakuna dirisha hata moja lililokuwa na mamlaka ya kusema: huyu anaanza, tumwanzishe.

Tulitoka kwenye duara hilo kwa njia ambayo mawakili wote wa Arusha wanaijua. Sheria yetu ya Makampuni ya 2002 inaitaka kampuni ya nje inayofungua ofisi nchini itaje jina la mtu mkaazi wa Tanzania atakayepokea hati za kisheria kwa niaba yake. Takwa hilo ni jema, maana ukiidai kampuni ni lazima ujue pa kupeleka wito. Lakini Bwana Mihuri hakuwa mkaazi, na asingeweza kuwa mkaazi kabla tawi halijasajiliwa. Mkaazi aliyepatikana ofisini ni mimi. Nilikuwa nina wiki ya tatu kazini, sijalipwa hata mshahara wa kwanza, na jina langu ndilo lililoandikwa kupokea wito wa mahakama wa kampuni ambayo makao makuu yake sikuwa nimewahi kuyaona. Nilitia saini. Nilihitaji kazi. Leo nikikumbuka, tumbo hunikata.

Kenya nako hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine, maana Sheria ya Makampuni yao ya 2015 nayo huitaka kampuni ya nje iwe na mwakilishi anayeishi huko. Kila nchi inataka mwenyeji wa kushikwa shati, na kila nchi imefanya iwe vigumu kwa aliyetumwa kuwa mwenyeji huyo mapema. Matokeo yake, wanaobeba dhamana za kisheria ni makarani na wapangishaji, wakati mwenye uamuzi anaishi kwa pasi ya matembezi.

Halafu kuna siku ya Mang'ola. Wakulima wa vitunguu wa bonde la Ziwa Eyasi walikuwa wamenunua pampu zetu mbili za kwanza, na moja ikagoma. Fundi wetu Mtanzania alikuwa bado hajafunzwa aina ile. Bwana Mihuri akapanda gari nasi. Tulipofika alikunja mikono ya shati, akachukua spana, akainama kwenye kisima. Ofisa mmoja aliyekuwa akipita kwa shughuli zake akasimama, akatusalimu vizuri, kisha akauliza: “Huyu mzee ana kibali cha kufanya kazi?” Bwana Mihuri aliiweka spana chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa ameshika nyoka. Akarudi nyuma hatua mbili. Kuanzia hapo akawa anaelekeza kwa kidole, huku fundi wetu akifungua nati, na ofisa akiwa amesimama kivulini akiwaza, kama nilivyokuwa nawaza mimi, kama kuonyesha kwa kidole ni kazi au si kazi.

Mpaka leo sijui jibu lake, Waheshimiwa, na nimewauliza watu wengi. Mtu aliyetumwa kufungua tawi na bado hajapata kibali, anaruhusiwa nini? Kuangalia maghala, naamini ndiyo. Kuonana na benki, ndiyo. Kusaili watu wa kuajiriwa je? Kutia saini mkataba wa pango? Kupokea kontena la kwanza bandarini na kuhesabu maboksi? Kumfunza fundi mwenyeji, jambo ambalo sheria zenu zote mbili zinalitamani kuliko yote? Kila niliyemuuliza amenipa jibu lake mwenyewe, na wawili waliokaa meza moja walinipa majibu mawili. Anayezijua sheria anaogopa kugusa spana. Asiyejali anafanya kazi ya mwaka mzima kwa mihuri ya matembezi, akitoka mpakani kila muda unapokaribia kwisha, akanywa chai upande wa pili na kurudi. Utaratibu uliopo unamwadhibu wa kwanza na kumpitisha wa pili.

Sasa nije kwenye Itifaki, maana hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Arusha tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ndani yake mna milango miwili tofauti. Ibara ya 10 ni mlango wa mfanyakazi: raia wa nchi mwanachama anayekwenda nchi nyingine kwa sababu amepata ajira huko. Ibara ya 13 ni mlango wa uanzishaji: haki ya kuanzisha na kuendesha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine ya Jumuiya. Kampuni inayovuka mpaka kufungua tawi inaingia kwa mlango wa pili. Hiyo ni haki yake, wala haiombi hisani.

Ila kampuni haina miguu. Haiwezi kupanda basi la Nairobi, wala kukaa kwenye benchi la benki, wala kuangalia kama bati za ghala zinavuja. Haki yake ya Ibara ya 13 inabebwa na mtu, na mtu huyo akifika kwenye dirisha anapokelewa kwa mlango wa Ibara ya 10, kama mtafuta ajira. Anaulizwa maswali ya mtafuta ajira. Mwajiri wako wa hapa ni nani? Kwa nini kazi hii haikupewa mwenyeji? Nani anajifunza kwako ili achukue nafasi yako? Maswali haya ni halali kabisa kwa mhasibu anayekuja kuajiriwa hotelini. Kwa mtu ambaye amekuja ili awepo mwajiri wa hapa, hayana majibu.

Nilikutana nayo mwenyewe Nakuru. Kwanza niwape Wakenya sifa yao. Kenya na Rwanda walitangulia zamani kuondoleana ada za vibali vya kazi kwa raia wa Jumuiya, na hilo si dogo kwa kampuni changa. Tarehe 28 Novemba 2017 Rais Uhuru Kenyatta, akiapishwa Kasarani, aliwaambia Waafrika Mashariki kwamba wanaweza kuja kufanya kazi, biashara, kulima, hata kuoa na kuolewa, wakiwa na kitambulisho tu. Nilimsikia redioni nikiwa Arusha na moyo ukanipanda. Miaka kadhaa baadaye nikiwa nimeketi mbele ya fomu, niligundua kwamba hotuba ile haikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

Kisanduku kilichokuwapo kilinitaka niandike jina, cheo na sifa za Mkenya atakayejifunza kazi kwangu na kunirithi. Tawi lilikuwa na umri wa siku kumi na moja. Niliyekuwa nimemwajiri mpaka siku hiyo ni mlinzi wa usiku, kijana mzuri sana kutoka Molo, aliyekuwa akisoma Biblia kwa tochi ya simu. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Niandike jina lake kwamba atarithi umeneja wa tawi? Niandike jina la mtu ambaye sijamwajiri? Mwishowe niliandika kwamba atatajwa ndani ya miezi mitatu, na ombi likarudishwa kwa kuwa halijakamilika. Simlaumu aliyelirudisha. Fomu ilikuwa tupu mahali palipotakiwa kujazwa. Lakini wiki saba zilipita kati ya ombi la kwanza na la pili, na kodi ya duka ilikuwa inakwenda, mzigo uko bandarini Mombasa unakula gharama za kuhifadhiwa, nami naishi lojingi nikihesabu siku za pasi yangu kama mfungwa anayechora ukutani.

Kijana wa Molo, kwa taarifa yenu, sasa ndiye msimamizi wa ghala. Umeneja ulichukuliwa na mama mmoja wa Naivasha niliyempata mwezi wa tano. Mrithi nilimpata, na nisingeweza kumpata siku ya kumi na moja.

Itifaki yenyewe haikusahau muda. Kanuni zake kuhusu wafanyakazi zinasema mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na mamlaka itoe kibali ndani ya siku 30. Siku 30! Nikiwatajia wenzangu wa kazi hii namba hiyo hucheka, na wengine hudhani nimeitunga. Hesabu hiyo huanza kwenda ombi likishakamilika, na ombi la tawi jipya haliwezi kukamilika, kwa sababu karatasi zinazoombwa ni za tawi ambalo limeshaota mizizi.

Tanzania ina ugumu mmoja zaidi, nami kama Mtanzania nauona kwa jicho la mwenye nyumba. Tangu Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, mgeni anahitaji karatasi mbili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na hati ya ukaazi kutoka Uhamiaji. Sheria hiyo inamtaka Kamishna ajiridhishe kwamba juhudi za kumtafuta mwenyeji zimefanyika, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi. Tena ni ya Tanzania Bara. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo Mkenya anayetaka tawi lake liwe na duka dogo Unguja ana mamlaka nyingine ya kazi ya kuiendea, na bahari ya kuvuka. Nimewahi kumchorea mtu ramani ya jambo hili kwenye karatasi ya kufungia chapati. Aliitazama, akaikunja, akaamua Unguja ingoje.

Najua mtanijibu kwamba njia ya haraka ipo. Ipo kwa wakubwa. Sheria ya Uwekezaji ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipandisha idadi ya wageni wanaoruhusiwa kipindi cha kuanza kutoka watano hadi kumi, na hilo lilikuwa jambo la busara sana. Lakini lango lake lilijengwa kwa kipimo cha mtaji wa dola 500,000 kwa mgeni. Kampuni ya Nakuru yenye wafanyakazi kumi na wanne na wazo zuri la pampu haina dola 500,000, na ya Morogoro inayotaka kuuza mashine za kukoboa mpunga Mwea haina pia. Soko la Pamoja lilihubiriwa kwa ajili ya hawa. Wenye mamilioni ya dola waliingia kabla ya 2010 na wataingia hata Itifaki ikichomwa moto.

Duniani jambo hili si geni wala si la kuvumbua. Mkataba wa Roma wa 1957, ambao Umoja wa Ulaya ulizaliwa nao, ulipozungumzia haki ya uanzishaji ulitaja kwa maneno yake wafanyakazi wa makao makuu wanaokwenda kushika nafasi za uongozi na usimamizi kwenye matawi, kwamba vikwazo juu yao viondolewe hatua kwa hatua. Walijua tangu mwanzo kwamba kampuni haina miguu. Marekani, ambayo hakuna anayeisifu kwa ulegevu wa viza, tangu 1970 ina viza ya daraja la L kwa wanaohamishwa ndani ya kampuni moja, na anayetumwa kufungua ofisi mpya hupewa mwaka mmoja. Ni lazima awe ameitumikia kampuni hiyo mwaka mzima mfululizo ndani ya miaka mitatu iliyotangulia, awe ameshapata mahali pa ofisi, na mwaka ukiisha aonyeshe kwamba ofisi imesimama. Ikiwa haijasimama, anarudi kwao. Uingereza nayo tangu Aprili 2022 ina njia maalumu ya wafanyakazi wa upanuzi: miezi 12, inayoweza kuongezwa hadi miaka miwili, na kampuni haileti zaidi ya watu watano kwa wakati mmoja. Njia hiyo ina kima cha mshahara ambacho kingewafukuza waanzilishi wote wa Kariakoo na Gikomba, kwa hiyo siwaombi tuinakili. Naomba tuone jambo moja tu, kwamba wageni wasio ndugu wanampa mfungua tawi jina lake kwenye orodha ya viza. Sisi tulioahidiana soko moja hatujampa.

Woga wa nchi yangu naufahamu, na sitaudharau. Nimeona kampuni ikileta “wataalamu” wanane, na wa tano kwenye orodha alikuwa mtunza stoo. Arusha imejaa vijana wanaojua kutunza stoo. Nimeona meneja aliyetumwa kwa mwaka mmoja akafikisha sita, na kila mwaka mrithi wake akawa “bado hajaiva”. Sheria ya 2015 haikuanguka kutoka mbinguni, ilitokana na mambo kama hayo. Na amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo za uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa kukarabati simu, ilishangiliwa na majirani zangu wengi, na ikawakera majirani zangu wa upande wa pili wa mpaka kiasi cha kuwa gumzo la wiki nzima. Ugomvi huo siuingilii hapa. Nasema tu kwamba mfungua tawi halisi ndiye mgeni asiyemnyang'anya mwenyeji kazi, kwa sababu kazi anayoifanya ni ya kuzaa kazi. Tawi la Arusha lilikuwa na watu kumi na tisa nilipoondoka. Mgeni alikuwa mmoja, na pasipoti yake imejaa.

Ninachoomba, Waheshimiwa, ni kibali kimoja chenye jina lake, kinachotambuliwa na nchi zote za Jumuiya: kibali cha mfungua tawi. Kitolewe kwa mtu, si kwa tawi, kwa sababu tawi bado halipo. Msingi wake uwe kampuni mama: cheti chake cha usajili, hesabu zake, uthibitisho wa msajili wa nchi yake kwamba iko hai na inafanya biashara kweli. Mtu mwenyewe athibitishwe kwamba ameitumikia angalau mwaka, ili tusiwe tunasafirisha watoto wa wajomba. Muda uwe miezi 12. Idadi iwe ndogo, watatu au wanne kwa kampuni, na nafasi ziwe za uongozi na ufundi unaotambulika. Mtunza stoo hapana. Dereva hapana. Namba za mwisho mtazijua ninyi na wataalamu wenu, mimi sing'ang'anii tatu wala nne.

Nang'ang'ania mpangilio. Karatasi za mrithi, leseni, akaunti, namba ya mlipakodi na orodha ya wenyeji walioajiriwa zisiwe mlango wa kuingilia. Ziwe mtihani wa mwezi wa tisa. Hapo ndipo muulize kwa ukali: umeajiri wangapi, nani anajifunza, kodi iko wapi? Aliyefanya kazi atakuwa na majibu yote na atahamishiwa kibali cha kawaida bila kutoka nchini. Aliyekuja kuzurura atakuwa na maelezo marefu, nanyi mtamrudisha kwao mkiwa na sababu mkononi. Na katika miezi hiyo ya mwanzo kibali chenyewe kiandikwe wazi anachoruhusiwa: kutia saini pango na mikataba ya ajira, kufungua akaunti, kutajwa kuwa mwakilishi mkaazi wa kampuni, kupokea mzigo, kufunga mashine ya kwanza na kumfunza fundi mwenyeji. Spana itajwe. Natania kidogo, lakini itajwe.

La ada sitalisema kwa urefu. Nchi zinazotoza zifikirie kile ambacho Kenya na Rwanda walifanya, angalau kwa miezi hii 12 ya kwanza.

Na mkikataa ombi, toeni sababu inayosomeka. Mahakama ya Afrika Mashariki ilikwisha kulisema hili tarehe 17 Mei 2013, katika shauri la wakili Mkenya aliyezuiwa kuingia uwanja wa ndege wa Entebbe Aprili 2011 na kurudishwa kwao. Uganda ilijitetea kwa mamlaka yake kama nchi huru. Mahakama ikasema mamlaka hayo yanabanwa na Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ambazo nchi yenyewe iliridhia, na kwamba kumrudisha raia wa Jumuiya bila utaratibu wa haki hakukuwa halali. Hukumu hiyo imeshapita miaka mingi, na bado nina kwenye faili langu barua ya sentensi moja: ombi lako halikukubaliwa. Haina sababu, haina kifungu, haionyeshi pa kukatia rufaa. Nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki ili isichakae. Mkihitaji nakala nitaileta Arusha mwenyewe, ofisi za Jumuiya ziko dakika ishirini kutoka kwangu kama daladala haijajaa.

Bwana Mihuri alistaafu. Kibali chake kilitoka mwezi wa kumi na moja tangu afike, wakati tawi lilikuwa limeshaanza kujiendesha na makao makuu wanafikiri kumrudisha. Alikipokea, akakisoma mbele na nyuma, akaniuliza kama nina fremu.

Mimi Jumatatu ijayo napita tena Namanga kuelekea Nakuru. Siku hizi madirisha ya nchi zote mbili yako chini ya paa moja, tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, na foleni ikiwa fupi unamaliza kabla basi halijazima injini. Kuna kampuni ya tatu imenifuata, inataka kufungua tawi huko, imeniomba nikawatazamie mahali. Nikifika kwenye swali la sababu ya safari nitaandika “mkutano”. Mkutano utakuwepo kweli, saa nne asubuhi, na mwenye ghala lenye bati jipya. Nitalitazama, nitalipima kwa hatua, nitauliza bei. Akinisogezea mkataba nisaini, nitamwambia nina haraka.

Kwa heshima,

Mfungua tawi,
Arusha